Kompyuta inapokataa kufungua hesabu za duka: Usinakili faili kabla ya kujua kosa liko wapi

MALI bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Hawakuijua kompyuta, wala hawakufikiri kwamba ipo siku daftari litakuwepo, limejaa hesabu zote, na mwenye mali asiweze kulifungua.

Hali hiyo huwapata wafanyabiashara wanaoweka hesabu zao kwa programu za kihasibu, kama vile QuickBooks na Tally, zilizowekwa kwenye kompyuta za dukani. Asubuhi programu inaitika vizuri, lakini badala ya hesabu kinatokea kisanduku chenye namba na maneno ya Kiingereza yanayosema, kwa kifupi, kwamba faili la kampuni halifikiki.

Jambo ambalo kila mwenye duka hana budi kulijua ni kwamba mara nyingi kosa hilo halina maana kuwa hesabu zimepotea. Maana yake ni kwamba njia ya kuzifikia imekatika. Hasara yenyewe huja baadaye, pale mtu mwenye haraka anaponakili faili kwenye flashi na kuendelea na kazi pembeni. Kuanzia saa hiyo duka moja lina madaftari mawili, na hakuna hata moja lililo sahihi.

Kwa duka la Utemini, katika Manispaa ya Singida, suala hili lina uzito wake. Singida ni mkoa wa alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji. Fedha za mavuno huingia mikononi mwa watu katikati ya mwaka, na katika miezi hiyo ya kiangazi ndipo wengi hununua mabati, saruji na misumari. Duka likikaa siku tatu bila kujua nani anadaiwa nini katika msimu huo, hasara yake si sawa na siku tatu za mwezi Februari.

Isitoshe, fundi aliyebobea katika programu hizi huenda akalazimika kutoka Dodoma, umbali wa takriban kilomita 240, au mbali zaidi. Nauli yake, malazi yake na siku za kumngoja vyote ni gharama. Kwa hiyo inafaa mwenye duka ajue mambo ambayo yeye na karani wake wanaweza kuyakagua wenyewe kabla ya kupiga simu.

MADAFTARI MAWILI YANAVYOZALIWA

Chukua mfano wa duka la vifaa vya ujenzi lenye kompyuta tatu: moja ofisini kwa meneja, ambako faili la hesabu limehifadhiwa, ya pili kwa keshia na ya tatu stoo. Tarehe 17 ya mwezi, saa sita mchana, umeme unakatika na kurudi baada ya dakika 20. Meneja anafungua hesabu bila tatizo. Keshia anapata kosa namba H202.

Wateja wako kaunta. Meneja anamwagiza keshia anakili faili kwenye flashi, aliweke kwenye kompyuta yake na kuendelea. Hadi jioni keshia ameingiza ankara 22 zenye jumla ya Sh. 7,080,000, kodi ikiwa ndani yake. Kati ya hizo, ankara 7 zenye thamani ya Sh. 3,150,000 ni za mkopo. Wakati huo huo meneja, kwenye faili la awali, ameingiza ankara 9 za manunuzi zenye jumla ya Sh. 5,900,000 pamoja na malipo ya Sh. 2,600,000 kutoka kwa wadaiwa.

Kabla ya umeme kukatika, wadaiwa wa duka walikuwa na jumla ya Sh. 18,400,000. Jioni faili la keshia linasema wadaiwa wana Sh. 21,550,000. Faili la meneja linasema Sh. 15,800,000. Ukweli ni Sh. 18,950,000, na kiasi hicho hakipo katika faili lolote kati ya hayo mawili.

Upande wa kodi mambo ni yale yale. Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 cha kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, mauzo ya keshia yana kodi ya Sh. 1,080,000 na manunuzi ya meneja yana kodi ya Sh. 900,000. Mwezi unaofuata, tarehe 20 ambayo ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani, mhasibu akitumia faili la meneja atakuwa ameacha mauzo ambayo mashine ya kutolea risiti, EFD, ilikwisha kuyapeleka Mamlaka ya Mapato. Maswali yatafuata. Akitumia faili la keshia, duka litalipa Sh. 900,000 ambazo lilikuwa na haki ya kuzitoa.

Programu hizi hazina njia rahisi ya kuchanganya mafaili mawili yakawa moja. Kazi iliyofanywa katika faili moja italazimika kuandikwa upya katika lingine, ankara moja baada ya nyingine. Kosa la mtandao ambalo lingetatuliwa kwa nusu saa limegeuka kazi ya siku kadhaa, na endapo halikugunduliwa mapema, limegeuka deni lisilodaiwa.

DAFTARI MOJA, WASOMAJI WATATU

Ili kuelewa kosa linatoka wapi, ni lazima kwanza kuelewa jinsi kompyuta tatu zinavyotumia faili moja.

Kompyuta yenye faili ndiyo mwenyeji. Nyingine ni wageni. Mgeni hachukui faili kwenda nalo kwake. Kila anapotaka kuona deni la mteja au kuandika ankara, anatuma ombi kupitia kebo au mawimbi ya mtandao wa dukani. Kwa mwenyeji kuna huduma maalumu ya programu, inayofanya kazi kimya kimya bila kuonekana, ambayo hupokea maombi hayo, huyapanga kwa zamu na kuandika kwenye faili. Kazi yake ni sawa na ya karani mmoja aliyeshika daftari huku watu watatu wakimsomea ya kuandika.

Ili ombi lifike, mambo sita lazima yawe sawa kwa pamoja. Mwenyeji awe amewashwa na hajalala. Mtandao kati yao uwe mzima. Mgeni ajue anwani ya mwenyeji. Mlinzi wa mlango wa mwenyeji, ambaye mafundi humwita faiawoli, amruhusu mgeni kupita. Karani, yaani ile huduma ya programu, awe kazini. Na mwisho, faili lenyewe liwe zima na lipo mahali pake.

Katika mambo hayo sita, ni moja tu linalohusu uzima wa hesabu. Matano yaliyobaki ni ya njia.

NAMBA ZA KOSA ZINASEMA NINI

Watumiaji wengi huifunga haraka ile kauli ya kosa bila kuisoma. Hilo ni kosa la pili juu ya la kwanza, kwani namba hiyo ndiyo inayopunguza kazi ya kutafuta.

Katika QuickBooks, makosa yanayoanza kwa herufi H, ambayo ni H101, H202, H303 na H505, yana asili moja: mgeni anajaribu kufungua faili lililoko kwenye kompyuta nyingine na hawezi kumfikia mwenyeji, au mwenyeji hakuandaliwa kupokea wageni. Namba hizo hazisemi kwamba faili limeharibika.

Makosa ya mfululizo wa 6000 yanahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu yanahusu ufunguaji wa faili lenyewe. Hata hivyo, si yote yanayoashiria uharibifu. Kosa namba 6177, kwa mfano, hutokea pale programu inaposhindwa kutumia njia iliyoandikwa ya kulifikia faili, na namba 6123 hutokea muunganisho na faili unapopotea.

Kwa watumiaji wa Tally dalili ni tofauti kidogo. Mara nyingi programu hufunguka bila kelele, ila jina la kampuni halionekani kwenye orodha. Mtumiaji hudhani hesabu zimefutika. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba programu inatazama folda nyingine, au ile diski ya pamoja iliyounganishwa kupitia mtandao haikurudi baada ya kompyuta kuwashwa upya. Aidha, leseni ya Tally ya mtumiaji mmoja haimruhusu mtu wa pili kwenye mtandao, hivyo inafaa kuhakikisha ni leseni ipi iliyonunuliwa kabla ya kulaumu kebo.

HATUA ZA KUFUATA

Mpangilio wa hatua una maana. Anayeanza kwa kukarabati faili kabla ya kutazama kebo ni sawa na anayepasua injini kabla ya kutazama kama gari lina mafuta.

Kwanza, kazi isimame. Kompyuta zote zifunge programu. Andika namba ya kosa, saa, na nani alikuwa akifanya nini. Mauzo hayasimami: keshia aendelee kutoa risiti kwa EFD kama kawaida na aandike kila ankara kwenye daftari la karatasi, kwa namba, jina la mteja na kama ni taslimu au mkopo. Daftari hilo litaingizwa kwenye kompyuta jioni au kesho yake.

Pili, nenda kwa mwenyeji ufungue faili hapo hapo. Hili ndilo jaribio kubwa kuliko yote na linachukua dakika mbili. Likifunguka, hesabu zako ni nzima na tatizo liko njiani. Lisipofunguka hata kwa mwenyeji, tatizo liko kwa mwenyeji au kwenye faili, na hatua zake zinaelezwa mbele.

Tatu, uliza ni mgeni mmoja aliyekwama au wote. Akikwama mmoja huku mwingine akifanya kazi, mwenyeji hana kosa. Shughulika na kompyuta ile moja. Wakikwama wote, shughulika na mwenyeji au na kifaa kinachowaunganisha.

Nne, tazama vitu vya kushikika. Je, taa ndogo kwenye tundu la kebo inawaka? Swichi au ruta ilirudi baada ya umeme kurudi? Kompyuta mwenyeji imewekewa kulala baada ya muda usipoigusa? Kompyuta iliyolala haipokei wageni. Mpangilio huo wa kulala uondolewe kabisa kwa mwenyeji.

Tano, kagua anwani. Hapa ndipo kukatika kwa umeme kunapoleta matatizo mengi. Ruta inapowaka upya inaweza kugawa anwani upya, na mwenyeji aliyekuwa na namba inayoishia na 10 akapewa inayoishia na 14. Wageni wanaendelea kubisha kwenye nyumba ya zamani. Kwa amri ya ping, inayopatikana kwenye kila kompyuta ya Windows, mgeni anaweza kumwita mwenyeji kwa namba na kisha kwa jina. Akiitika kwa namba lakini si kwa jina, shida ni ya majina. Asipoitika kwa lolote, shida ni ya kebo, ruta au mlinzi. Dawa ya kudumu ni kumpa mwenyeji anwani isiyobadilika.

Sita, mtazame mlinzi wa mlango. Ukibadilisha ruta, Windows inaweza kuuhesabu mtandao wa duka kuwa wa hadharani, kama ule wa stendi au hotelini, na kufunga milango yote. Urudishwe kuwa mtandao binafsi. Vile vile antivairasi mpya au iliyojisasisha usiku inaweza kuizuia programu ya hesabu. Njia sahihi ni kuipa programu hiyo ruhusa maalumu. Kumwondoa mlinzi kwa dakika chache ili kujaribu kunaweza kuonyesha chanzo, lakini kumwacha nje moja kwa moja ni kuacha duka wazi.

Saba, hakikisha mwenyeji ni mmoja. Katika QuickBooks, kwenye menyu ya faili, kuna sehemu inayoonyesha kama kompyuta hiyo imejiweka kuwa mwenyeji. Wakati wa kuweka programu, mtu akibonyeza bila kusoma, hata kompyuta ya stoo inaweza kujitangaza kuwa mwenyeji. Wakiwa wawili wanagombania faili na wote wanakwama. Kwa wageni, uwenyeji huo uzimwe.

Nane, mwamshe karani. Kwenye orodha ya huduma za Windows kwa mwenyeji, zipo zenye jina la QuickBooks, ikiwemo ile ya hifadhidata. Ziwe zinafanya kazi na ziwekwe kuanza zenyewe kila kompyuta inapowashwa. Kisha chombo kinachoitwa QuickBooks Database Server Manager kielekezwe kwenye folda yenye faili ili kilitambue upya.

Tisa, tazama yale mafaili madogo mawili yanayokaa pembeni ya faili la kampuni. Faili la kampuni huishia na QBW. Jirani yake huwa na lenye ND, linaloshika maelezo ya mtandao, na lenye TLG, linaloandika miamala. Lile la ND likiwa na maelezo yaliyochakaa huzuia wageni. Funga programu kila mahali, kisha libadilishe jina kwa kuongeza neno mwishoni. Programu itatengeneza jipya. Lile la TLG lisifutwe kamwe. Likitumiwa na mtaalamu pamoja na nakala ya akiba, linaweza kusaidia kurudisha miamala iliyoingizwa baada ya nakala hiyo. Wapo mafundi wa mitaani wanaoyafuta yote mawili ili kusafisha, na hivyo kutupa bima ya mteja bila yeye kujua.

LIKIKATAA HATA KWA MWENYEJI

Hapo ndipo faili lenyewe linapohusika. Kabla ya jambo lolote, programu ikiwa imefungwa, nakili folda nzima kwenye diski nyingine na kuandika tarehe. Nakala hii si ya kufanyia kazi. Ni ya kuhifadhi hali ilivyokuwa kabla ya mkono wa fundi kuingia, ili akikosea kuwe na pa kurudia.

Baada ya hapo jaribu kulileta faili kwenye diski ya ndani ya kompyuta na kulifungua. Likifunguka huko, kasoro ilikuwa ya folda au ruhusa zake. Lisipofunguka, QuickBooks ina vyombo vyake vya kukagua na kujenga upya faili, na Tally ina njia yake ya kuandika upya data. Vyombo hivi hubadilisha faili, ndiyo maana nakala ya kwanza ni ya lazima.

Vikishindwa, kinachobaki ni nakala ya akiba. Nakala ya jana inamaanisha kazi ya siku moja kuandikwa upya. Nakala ya miezi minne iliyopita inamaanisha msimu mzima.

Hata hapo si mwisho wa mambo. Ripoti za kila siku za EFD zinaonyesha mauzo. Taarifa za benki na za malipo ya simu zinaonyesha fedha zilizoingia. Hati za kupokelea mizigo zinaonyesha manunuzi. Kwa vyanzo hivyo mhasibu anaweza kujenga upya hesabu. Ambacho hakipo kwenye vyanzo hivyo ni nani kati ya wateja wa mkopo amekwisha lipa taslimu na nani bado, na hapo ndipo ugomvi wa kaunta huanzia. Ikumbukwe pia kwamba karatasi za EFD hufifia. Risiti muhimu zitolewe nakala mapema.

KWA ALIYEKWISHA TENGENEZA MADAFTARI MAWILI

Duka lililokwisha ingia katika mtego huo lina njia moja salama. Chagua faili moja liwe halali, na kwa kawaida liwe lile la mwenyeji. Faili la pili libadilishwe jina, liandikwe wazi kwamba halitumiki, na lisifutwe. Chapa kutoka faili hilo orodha ya miamala yote iliyoingizwa tangu saa ya kunakili, kisha iingizwe upya kwenye faili halali kwa kulinganisha na risiti za EFD. Mwisho, jumla ya wadaiwa na jumla ya mauzo ya siku hiyo zihakikiwe kwa mkono.

Katika mfano uliotolewa, keshia ana ankara 22 za kuandika upya. Ni kazi ya saa chache ikifanywa kesho yake. Ikifanywa baada ya wiki sita, wakati faili lililonakiliwa limekwisha endelea kutumiwa siku hadi siku, ni kazi ya kuajiri mtu.

KINGA NI RAHISI KULIKO DAWA

Mambo machache yakizingatiwa, makosa haya hupungua sana.

Kompyuta mwenyeji na ruta viwe kwenye UPS. Kifaa hicho hakikusudiwi kuendesha duka siku nzima. Dakika kumi na tano zinatosha kufunga faili kwa utaratibu. Faili linalokatikiwa umeme katikati ya kuandikwa ndilo linaloharibika kweli.

Tumia kebo badala ya mawimbi kwa kompyuta zinazoandika hesabu. Mawimbi hukatika kwa nukta moja bila mtu kuona, na nukta hiyo inatosha kuvunja muunganisho.

Faili linalotumika lisiwekwe kwenye folda inayojinakili yenyewe intaneti. Huduma hizo hunakili faili likiwa wazi, na watu wawili wakilitumia huzaa madaftari mawili bila mtu yeyote kuamua. Huko iwekwe nakala ya akiba iliyokwisha fungwa.

Kompyuta zote ziwe na toleo moja la programu. Mmoja akilifungua faili kwa toleo jipya na kukubali ligeuzwe, wenye toleo la zamani hawataweza kulifungua tena. Nakala zisizo na leseni huongeza hatari hiyo kwa kuwa hazipati marekebisho wala msaada.

Wanaotumia QuickBooks ya kompyuta ya mezani wajue pia upepo unakovuma. Kampuni ya Intuit ya Marekani, mtengenezaji wake, iliacha kuwauzia wateja wapya nchini humo matoleo ya Pro na Premier baada ya Septemba 30, 2024, na huduma kwa toleo la 2021 ilikoma Mei 31, 2024, na kwa lile la 2022 Mei 31, 2025. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025. Programu iliyokoma huduma inaendelea kufungua hesabu, lakini ikigombana na marekebisho ya Windows, mwenye duka hana wa kumlalamikia.

Kuhusu nakala za akiba, kanuni ni fupi: kila jioni, kwa njia ya programu yenyewe, moja ibaki dukani na nyingine iende nje ya duka. Mara moja kwa mwezi nakala ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kuona kama kweli inafunguka, kisha ifutwe kwenye kompyuta hiyo isije ikatumiwa. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni tumaini tu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu zake kwa miaka mitano, na kuharibika kwa kompyuta si jibu ambalo mkaguzi atalipokea kwa urahisi.

MASWALI MATATU KWA MWENYE MTAJI

Wapo wasomaji ambao hawana duka lakini wameweka fedha katika duka la ndugu, la rafiki au la wabia. Kwao pia jambo hili lina maana, kwani faida wanayogawiwa inahesabiwa kutoka kwenye faili hilo hilo.

Kabla ya kuongeza mtaji, mbia anaweza kuuliza maswali matatu ambayo hayahitaji utaalamu wa kompyuta. Faili la hesabu liko kwenye kompyuta ipi? Nakala ya akiba ilijaribiwa lini mara ya mwisho? Na je, kuna nakala nyingine ya hesabu inayotumika mahali popote?

Swali la tatu lina uzito kuliko mengine. Meneja akisita kulijibu, si lazima awe mwizi. Huenda siku moja umeme ulikatika, wateja wakiwa kaunta, akafanya haraka. Lakini mbia ana haki ya kusubiri hadi madaftari hayo yarudi kuwa moja kabla ya kutoa shilingi nyingine.